Siku Mbili za Mgeni

Juma la Waswahili huanza siku ambayo ofisi nyingi za dunia hufungwa. Jumamosi imebeba katika jina lake neno la zamani la kuhesabia, mosi, yaani moja, na Jumapili ni ya pili baada ya Ijumaa, siku ya mkusanyiko wa sala ambayo ndiyo kilele cha juma na ukomo wake. Kwa hiyo mtu anayesema kwa Kiswahili kwamba atapumzika mwisho wa juma, akikusudia Jumamosi na Jumapili, anatumia hesabu iliyotoka katika viwanda na ofisi za Ulaya, ilhali majina ya siku hizo yanashuhudia kwamba juma ndiyo kwanza linaanza. Tofauti hiyo inastahili kuchukuliwa kwa uzito. Mapumziko yanayokuja mwishoni ni ujira, kwa kuwa mtu huyapata baada ya kuyatolea jasho, na asiyefanya kazi hana haki ya kuyadai. Yale yanayokuja mwanzoni yamekaribia zaidi maana ya riziki, yaani kile ambacho mja hupewa kabla hajaonyesha kama anakistahili. Swali linalojadiliwa hapa limo katikati ya maana hizo mbili, na linamhusu mzungumzaji wa Kiswahili anayeishi katika nchi ya watu kwa masomo, kwa kazi au kwa ukimbizi, ambaye siku ya mapumziko inapofika hana jamaa wa kwenda kumjulia hali, hana arusi wala msiba wa kuhudhuria, akaamua kutoka na kutembea taratibu katika mtaa asioufahamu mpaka jua lichwe. Je, kutembea huko kuna uzito wowote mbele ya dini na mbele ya akili, au ni kupitisha muda tu, na pengine ni kuwavunjia heshima wenye mtaa kwa kuyageuza maisha yao kuwa tamasha la macho?

Lugha yenyewe haina kauli moja. Methali isemayo kwamba mtembezi hula miguu yake humwonya anayekwenda bila haja kwamba hatavuna ila uchovu, ilhali ile isemayo kwamba kutembea kwingi ni kuona mengi humsifu mtu yule yule kwa mwendo ule ule. Sheria kwa upande wake iliamua mapema. Mwaka 1824 Bunge la Uingereza lilitunga sheria ya wazururaji, iliyomwezesha mtu asiye na makao wala njia inayoonekana ya kujipatia riziki ashtakiwe kwa kukutwa tu mahali, na mawazo hayo yakasafiri hadi makoloni, ambako Mwafrika aliyekutwa mjini bila kipande au bila mwajiri wa kumtaja alihesabiwa kuwa mzururaji au mhuni, neno ambalo zamani lilimtaja mtu asiye na kwao kabla halijamtaja mtu wa tabia mbaya. Mjukuu wa watu hao anapotembea leo bila haja katika London, mji ule ule ambamo sheria hiyo ilitungwa, hatua zake zina historia hata kama yeye hana habari nayo. Hata hivyo, jambo la maana zaidi limo ndani ya kitenzi. Kutembea ni kwenda. Kitenzi hicho kikitiwa kauli ya kutendea, yaani umbo linaloonyesha kwamba tendo linafanywa kwa ajili ya mtu au kwa kumwelekea mtu, hupatikana kutembelea, na hapo mwendo umekwisha kuwa uhusiano. Suala zima linaweza kuwekwa juu ya kiambishi hicho kidogo: ni nini kinachohitajika ili mtu aliyetembea katika mtaa ambamo hana mwenyeji awe ameutembelea?

Ni vyema kuanza na siku yenyewe. Katika Torati amri ya Sabato, yaani siku ya saba ya kuacha kazi, imetolewa mara mbili, na kila mara kwa sababu yake. Kitabu cha Kutoka kinaiegemeza juu ya uumbaji, kwamba Mungu alistarehe baada ya siku sita. Kumbukumbu la Torati kinaiegemeza juu ya utumwa, kwamba Waisraeli walitumikishwa Misri na kwa hiyo wanajua maana ya kutopumzishwa. Sababu zinatofautiana, lakini katika sehemu zote mbili orodha ya wanaostahili pumziko haimwachi mgeni: ametajwa pamoja na watoto, watumishi na mifugo, yule mtu wa kuja anayekaa ndani ya malango ya mji usio wake. Wafasiri wengi hulipita jambo hili upesi mno. Mgeni angeweza kuachwa nje kwa hoja nyepesi kwamba wazazi wake hawakuwa Misri na kwamba yeye hana sehemu katika agano, lakini amri ilimwingiza, na kwa kumwingiza ikatangaza kwamba siku moja katika saba mwenyeji na mgeni watakuwa sawa kwa jambo moja ambalo halihitaji mali wala ukoo wala lugha, nalo ni kuacha. Walimu wa Kiyahudi waliokuja baadaye, yaani marabi, waliiwekea siku hiyo kipimo cha mwendo, dhiraa 2000 kutoka mpaka wa mji, umbali unaokaribia kilomita moja, na kitabu cha Matendo ya Mitume kinautaja mwendo huo wa Sabato kinapoeleza umbali kati ya Mlima wa Mizeituni na Yerusalemu. Kipimo hicho kwa kawaida husomwa kama kizuizi. Kinaweza kusomwa pia kama maelezo ya aina ya mwendo unaoifaa siku ya kupumzika, mwendo ambao, kwa kuwa haufiki mbali, haumwachii mtembezi la kufanya ila kuangalia kilicho karibu naye.

Uislamu haukuifanya Ijumaa kuwa sabato. Sura inayoitwa kwa jina la siku hiyo inawaamuru waumini waache biashara sala inapoadhiniwa, kisha inawaruhusu watawanyike katika ardhi na kutafuta fadhila za Mwenyezi Mungu, hivyo kwamba kuacha ni kwa muda mfupi na kutawanyika nako kumetajwa ndani ya hukumu ya siku hiyo hiyo. Wagiriki wa kale nao waliuita muda usiodaiwa na kazi kwa neno skhole, lililopita katika Kilatini na Kijerumani hadi likawa shule, na katika Kiingereza hadi likawa skuli ya Wazanzibari, na kwa hiyo mtoto wa Tanga na mtoto wa Unguja, kila mmoja kwa njia ya mtawala wake wa zamani, wamerithi jina la mapumziko kwa ajili ya mahali pa kujifunzia. Aristotle alishikilia kwamba watu hufanya kazi ili wapate muda huo, wala hawapati muda huo ili warudi kazini wakiwa na nguvu. Mwanafalsafa Mjerumani Josef Pieper aliirudia hoja hiyo katika kitabu alichokichapisha mwaka 1948, nchi yake ikiwa bado katika magofu, akaeleza kwamba uvivu wa roho, ambao wanateolojia wa kale waliuita akedia, haufanani na mapumziko hata kidogo, kwa sababu mwenye akedia hawezi kutulia na nafsi yake na ndiyo maana hukimbilia shughuli. Kwa kipimo hicho, mtu anayejaza siku zake zote kazi za ziada bila kulazimishwa na njaa huenda ndiye mvivu, na yule aliyetoka kutembea ndiye aliyefanya kazi ambayo mwenzake ameikimbia.

Sasa mgeni mwenyewe. Kiswahili kina neno moja kwa watu wawili ambao lugha nyingi za Ulaya huwatenga, mtu asiyejulikana na mtu anayekaribishwa, na kukutana kwa maana hizo si upungufu wa msamiati. Ni msimamo, kwa maana asiyejulikana anakuwa na haki za anayekaribishwa tangu kabla hajapiga hodi. Haki hizo, hata hivyo, zina muda. Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe, ndivyo walivyosema wazee, na anayeishi kwa kalenda ya ofisi anaweza kuona kwamba siku zake mbili za mapumziko ni ya mosi na ya pili, na kwamba siku anayorudi kazini ni Jumatatu, siku ya tatu kwa jina na kwa hesabu. Methali haikutungwa kwa ajili ya ofisi, na kulingana huko ni bahati tu ya majina, lakini ni bahati inayofunua kitu kinachofichwa na mazoea. Siku tano za juma mtu wa ughaibuni ana jembe mkononi. Anajulikana hospitalini kwa zamu yake, chuoni kwa kadi yake, ghalani kwa namba yake, na watu humjua kwa kadiri wanavyohitaji kazi yake. Katika siku mbili hizo tu anarudishiwa ugeni wake kamili, akawa mtu asiye na faida kwa yeyote aliye mbele yake, na ni katika hali hiyo tu ndipo inapoweza kujulikana kama nchi aliyomo inamkaribisha yeye au inakaribisha mikono yake.

Neno ughaibuni nalo lina jambo la kusema. Asili yake ni ghaibu, yaani kutokuwepo au kile kisichoonekana kwa macho, ndiyo maana anayesoma Qur'ani kwa ghaibu huisoma bila kuutazama msahafu, na ndiyo maana mambo ya ghaibu ni yale ambayo elimu yake iko kwa Mungu peke yake. Kwa hiyo ughaibuni ni mahali palipopewa jina na walioachwa nyuma: kwa mama aliyeko Pemba au Kigoma, mwanawe hayupo. Ajabu ni kwamba huko aliko nako mara nyingi hayupo, kwa kuwa jioni zake zimo ndani ya simu, katika sauti za nyumbani, katika mchango wa ada ya mdogo wake na ugomvi wa kiwanja. Hadithi mashuhuri iliyopokewa na Ibn Umar inamtaka muumini awe duniani kama mgeni au mpita njia, na wahubiri huitumia hadithi hiyo kuwakumbusha wenye makazi kwamba makazi yao ni ya kupita. Yule ambaye kweli ni mgeni anahitaji mawaidha ya upande wa pili, kwamba hata mpita njia hukanyaga njia, na kwamba kupita ni namna mojawapo ya kuwepo. Mwanachuoni wa Kiislamu al-Ghazali, aliyeacha kiti chake cha ualimu Baghdad mwaka 1095 na kwenda kuishi Damascus bila cheo, aliandika katika kitabu chake juu ya adabu za safari kwamba kuna safari ya kiwiliwili na safari ya moyo. Matembezi ya Jumapili ni safari ndogo mno ya kiwiliwili. Hakuna ushahidi kwamba ile nyingine hupimwa kwa kilomita.

Mfano ulio wazi kuliko yote unapatikana London, katika mtaa wa Spitalfields, mashariki tu ya mipaka ya mji wa kale, ambako barabara nyembamba iitwayo Brick Lane inakutana na ile ya Fournier Street. Kwenye pembe hiyo limesimama jengo la matofali lisilo na urembo mwingi, ambalo mtembezi asiyejua angelipita akidhani ni ghala kama usingekuwepo mnara wa chuma ulioongezwa miaka ya karibuni. Lilijengwa mwaka 1743 na Wahuguenot, yaani Waprotestanti wa Ufaransa waliokimbia baada ya mfalme Louis wa 14 kufuta mwaka 1685 amri iliyokuwa ikiwalinda, watu waliofika kwa makumi ya maelfu na kuufanya mtaa huo kuwa kitovu cha ufumaji wa hariri. Wajukuu wao walipokwisha kuyeyuka ndani ya Uingereza, jengo lilipangishwa mwaka 1809 kwa chama kilichokusudia kuwageuza Wayahudi wawe Wakristo, na miaka kumi baadaye likawa la Wamethodisti. Mwaka 1898 lilichukuliwa na Wayahudi wenyewe, waliokuwa wamekimbia mateso katika dola ya Urusi, wakalifanya sinagogi la wenye kushika dini kwa ukali; na nao walipohamia vitongoji vya kaskazini, Waislamu wa Bengali, wengi wao kutoka Sylhet, ambao baba zao walianza kufika London kama mabaharia wa meli za Waingereza, walilinunua na kulifungua kuwa msikiti mwaka 1976.

Habari hizo husimuliwa mara nyingi kwa sifa ya uvumilivu wa London, na sifa hiyo haiwezi kukubaliwa bila masharti. Sheria ya mwaka 1905 ya kuwazuia wageni ilitungwa kwa sehemu kubwa kwa sababu ya Wayahudi wa mitaa hii hii, na mwendo mfupi kutoka hapo ipo bustani inayoitwa kwa jina la Altab Ali, kijana wa Kibengali, fundi wa nguo, aliyeuawa na wabaguzi jioni ya tarehe 4 Mei 1978, ambaye maelfu ya watu walilifuata jeneza lake wakiandamana kuvuka mji. Bustani hiyo ipo palipokuwa na kanisa jeupe lililoupa mtaa jirani jina la Whitechapel, na ambalo liliharibiwa na mabomu ya vita mwaka 1940. Mtaa huu haukuwakaribisha wageni wake. Waliingia, wakachukiwa, wakafanya kazi, na waliofuata wakachukiwa zaidi.

Kilichomo katika jengo lile la pembe ya Brick Lane ambacho kinaihusu hoja hii ni kingine, nacho ni siku. Kuta zile zile zimeitunza Jumapili ya Wafaransa na Wamethodisti, kisha Jumamosi ya Wayahudi, na sasa Ijumaa ya Waislamu, kana kwamba nyumba hiyo imekuwa ikirudi nyuma katika juma la Kiswahili, kutoka pili hadi mosi hadi siku ya mkusanyiko. Wala mabadiliko hayo hayakubaki ndani ya kuta. Masoko ya Jumapili ya mitaa hii, lile la Brick Lane na lile mashuhuri la Petticoat Lane, yalikua makubwa kwa sababu wafanyabiashara wa Kiyahudi walikuwa wamefunga Jumamosi na walihitaji siku ya kuuzia wakati nchi nzima imekwenda kanisani au imelala. Mtembezi anayefika hapo Jumapili akakuta meza za nguo kuukuu, vitabu na viungo vya pilau, akafikiri kwamba kelele hiyo ni kinyume cha mapumziko, hajui kwamba anatembea ndani ya kivuli cha pumziko la jana la watu wengine. Soko limebaki, na walioifanya siku hiyo iwe ya soko wamekwisha kuhama. Uzuri wa kutembea bila haja katika mtaa wa namna hii ni kwamba mwenye haja hawezi kuliona jambo hilo. Aliyekuja kununua kiatu anaona viatu.

Hapo ndipo pingamizi kubwa linaposimama, na halifai kupuuzwa. Mitaa hii ya mashariki mwa London imetazamwa kuliko inavyoweza kuvumilika. Katika miaka ya 1880 ilikuwa mtindo kwa matajiri wa upande wa magharibi kuja usiku kuwaangalia maskini wa Whitechapel kama watu waendao kuangalia wanyama. Charles Booth, ambaye nia yake ilikuwa njema na kazi yake ya takwimu kubwa, alianza mwaka 1889 kuchapisha ramani zilizoipaka kila barabara rangi ya hali ya wakazi wake, manjano kwa matajiri na nyeusi kwa walio chini kabisa, ambao aliwaelezea kwa maneno ya kuwahukumu, na hakuna mkazi aliyeulizwa kama anakubaliana na rangi yake. Mwaka 1884 ilifunguliwa karibu na hapo nyumba ya Toynbee Hall, ambamo vijana wa Oxford na Cambridge walikuja kuishi miongoni mwa maskini, na angalau hao walitambua kwamba jicho linalopita lina deni. Inawezekana kudai kwamba mtu kutoka Mombasa au Bukavu hawezi kuwa katika kundi la watazamaji hao, kwa kuwa babu zake ndio waliokuwa wakitazamwa na kupigwa picha. Dai hilo ni dhaifu. Kudhulumiwa kwa macho hakumfundishi mtu adabu ya macho, na simu yenye kamera iliyomo mkononi mwake haijui historia ya aliyeishika.

Jibu lenye nguvu zaidi kuliko yote halikutoka kwa wanafalsafa wa Ulaya. Sahaba Abu Said al-Khudri amepokea kwamba Mtume Muhammad aliwaonya masahaba wake dhidi ya kukaa njiani, nao wakamweleza kwamba hawana budi, kwani hapo ndipo wanapozungumzia mambo yao; akawaambia kwamba kama lazima wakae, basi waipe njia haki yake, na walipouliza haki hiyo ni ipi akazitaja kuinamisha macho, kuzuia udhia, kuitikia salamu, na kuamrisha mema na kukataza maovu. Watu wa Lamu na Mji Mkongwe wa Zanzibar wanaifahamu hadithi hiyo kwa mawe, kwa sababu baraza, yaani kile kijukwaa kilichojengwa mbele ya nyumba, ni mahali pa kukaa njiani palipohalalishwa kwa adabu: aliyeketi haiangalii milango ya watu, anayepita husalimu, na aliyesalimiwa huitikia. Jambo la ajabu katika hadithi hiyo ni kwamba mwenye haki ni njia. Haikusemwa kwanza kwamba wapita njia wana haki, au wenye nyumba. Njia yenyewe imepewa heshima ya mdai, kwa kuwa njia ndiyo kitu pekee ambacho wasiojuana wanakimiliki kwa pamoja.

Zikichukuliwa kwa utaratibu, haki hizo zinatoa maelezo kamili ya namna mgeni anavyoweza kuutembelea mtaa usiomwalika. Kuinamisha macho hakumaanishi kutoona. Ni kuona bila kumiliki, kumwacha mama anayeanika nguo dirishani abaki mama anayeanika nguo, asigeuke kuwa mandhari. Kuzuia udhia ni pamoja na kutoziba mlango wa duka kwa sababu ya picha, na kutozungumzia harufu ya chakula cha watu kwa lugha inayodhaniwa kwamba hawaielewi. Salamu ndiyo ngumu zaidi. Aliyelelewa pwani amezoea kwamba kumpita mtu mzima bila kumwamkia ni utovu wa adabu, naye anakuta mji ambamo kumsalimu asiyemjua kunaleta wasiwasi, hata akaanza kujiona kama mtu aliyenyang'anywa ulimi. Lakini hadithi haikudai kila mtu aanze salamu. Ilidai salamu iliyoanzwa iitikiwe, na mtaa huanza salamu kwa njia nyingi ndogo, kama mzee aliyesogea kwenye benchi ili kumpa mtu nafasi, au muuzaji aliyemwachia aonje bila kuuliza kama atanunua. Kutembea taratibu ni kuwa na nafasi ya kuyaona hayo na kuyaitikia, na mwenye haraka huyakosa yote bila kujua kwamba alisalimiwa.

Mwanafalsafa Immanuel Kant, ambaye karibu maisha yake yote hakutoka Königsberg na ambaye matembezi yake ya kila siku yalikuwa maarufu, aliandika mwaka 1795 katika insha yake juu ya amani ya kudumu kwamba kila mwanadamu ana haki ya kutembelea nchi yoyote, kwa sababu dunia ni mviringo na watu hawawezi kutawanyika juu yake bila mwisho, hivyo hatimaye lazima wavumiliane; lakini haki ya kukaa kama mgeni wa nyumbani inahitaji mapatano mengine. Katika kurasa hizo hizo aliwashutumu Wazungu wa biashara na makoloni ambao kwao kutembelea nchi ya watu kulikuwa sawa na kuishinda. Utengano wake wa haki mbili ni safi, lakini umeachwa mkavu mno, kana kwamba kati ya kutofukuzwa na kukaribishwa hakuna chochote. Katikati hapo ndipo Jumapili nzima ya mtu wa ughaibuni inapopita.

Ni lazima pia isemwe, hata kama ni kwa ufupi, kwamba wapo wasiokuwa na siku mbili hizo kabisa. Wengi wa wanaotunza wazee na kusafisha majengo katika miji hiyo ni watu waliotoka mbali, na zamu zao huangukia hasa siku ambazo wengine wamepumzika, kwa malipo ambayo hayawaruhusu kukataa. Kumbukumbu la Torati lingewatambua mara moja. Jamii inayomruhusu mgeni afanye kazi na kumnyima siku ya kutokuwa na kazi imemgeuza kuwa kitu ambacho amri ilikikataza kwa kulitaja jina la Misri, na hilo ni kosa la kidini hata pale ambapo hakuna sheria ya nchi iliyovunjwa.

Jembe la methali, likitazamwa tena kwa mwanga huo, lina uso wa pili. Wengi hulielewa kama kidokezo cha kumfukuza mgeni aliyezidisha siku, lakini katika nyumba ya mkulima jembe halipewi mtu anayetakiwa aondoke. Hupewa mtu ambaye sasa atahesabiwa katika shamba, na kwa hiyo katika mavuno. Nyumba za Fournier Street bado zinaonyesha jembe walilopewa wageni wa kwanza wa mtaa ule, kwa kuwa juu kabisa, chini ya paa, yapo madirisha mapana kuliko ya vyumba vya waungwana yaliyo chini yake, yaliyowekwa ili mwanga wa mchana uufikie mtambo wa hariri mpaka dakika ya mwisho. Wafumaji hao walikaa juu kwa siku sita, wakashuka ya saba kwenda kwenye kanisa lao pembeni.

Juu ya ukuta wa jengo hilo, upande unaotazama Fournier Street, waliacha saa ya jua, yaani ubao unaoonyesha wakati kwa kivuli cha kijiti, na juu yake mwaka 1743 pamoja na maneno mawili ya Kilatini yanayowatangazia wapita njia kwamba wanadamu ni kivuli. Mahubiri yake ya wazi ni kwamba maisha hupita. Lakini neno la Kilatini lililotumika lina maana zaidi ya moja, kama lilivyo la Kiswahili, ambamo kivuli ni giza linalomfuata mtu na pia ni pumziko analopewa msafiri chini ya mwembe. Na Warumi walilitumia jina hilo hilo kumwita mtu anayefika karamuni bila mwaliko, akiwa nyuma ya rafiki aliyealikwa, yule ambaye Waswahili wa leo wangesema kwamba amezamia, kitenzi kile kile wanachokitumia kwa kijana aliyejificha ndani ya meli ili avuke bahari. Mchana wa Jumapili unapoelekea jioni, wauzaji wa Brick Lane hukunja meza zao, na kama siku hiyo kuna jua kivuli cha kijiti husogea juu ya ubao hadi kikapotea pamoja na vivuli vya watu barabarani, wale wa waliozaliwa hapo na wale wa waliofika jana. Siku ya pili imekwisha, na usiku wa kuamkia Jumatatu umeingia.